Saa 48 Wodini: Nimonia ya Hospitali Iandikwe kwa Jina Lake

Mchimbaji mdogo anaangukiwa na jiwe katika duara moja upande wa Makongolosi, wilayani Chunya. Mfupa wa paja unavunjika. Wenzake wanakodi gari na kumfikisha hospitalini, analazwa, mguu unavutwa kwa uzito, naye anaagizwa alale chali. Siku ya nne anapandwa na homa, anakohoa makohozi mazito ya rangi ya njano, na pumzi inamjia kwa shida. Mama yake, ambaye amekuwa akimlisha na kumfulia tangu siku ya kwanza, anamsogelea muuguzi wa zamu na kuuliza: "Samahani, nesi. Mwanangu aliletwa kwa sababu ya mguu. Hiki kifua kimetoka wapi?" Muuguzi anamjibu kwa upole kwamba daktari ataandika dawa. Jioni faili linaandikwa neno moja, "nimonia", na chini yake jina la sindano.

Mgonjwa huyu ni wa mfano tu, lakini ni wahudumu wachache wa wodi watakaosema hawajawahi kukutana naye. Swali la mama yake, ingawa limeulizwa kwa lugha ya nyumbani, ni swali la uainishaji wa magonjwa. Ndilo lile lile ambalo vyama vya wataalamu wa mapafu na wa magonjwa ya maambukizi vya Marekani na Ulaya vimelijadili kwa miaka mingi, vikiandika miongozo, kuipitia upya, na mara nyingine kuyafuta mafungu ambayo vyenyewe viliyaunda. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba swali hilo lina jibu, kwamba hospitali ya wilaya inaweza kulitoa bila mitambo ya gharama, na kwamba kuendelea kuandika neno "nimonia" peke yake kunawagharimu wagonjwa.

Mpaka wa saa 48

Kwa ufafanuzi unaotumika leo, nimonia ya hospitali ni ile inayojitokeza saa 48 au zaidi baada ya mgonjwa kulazwa, na ambayo haikuwa imeanza kujijenga mwilini mwake alipopokelewa. Nimonia ya mashine ya kupumulia ni tawi la hiyo: huhesabiwa pale inapojitokeza zaidi ya saa 48 baada ya mrija kupitishwa kwenye koo la hewa. Nimonia inayompata mtu akiwa nyumbani, shambani au machimboni, pamoja na ile inayoonekana kabla ya saa 48 za kulazwa kutimia, huitwa nimonia ya jamii.

Saa 48 ni makubaliano ya wataalamu. Hakuna kimelea kinachotazama saa ya ukutani kabla ya kushambulia. Makubaliano hayo, hata hivyo, yana msingi: bakteria wengi wanaosababisha nimonia ya ghafla hawahitaji muda mrefu ili dalili zionekane, hivyo mgonjwa anayeanza kukohoa siku ile ile aliyopokelewa ana uwezekano mkubwa wa kuwa alikuja na ugonjwa wake. Anayeanza siku ya tatu au ya nne, ilhali kifua chake kilikuwa safi alipoingia, ana uwezekano mkubwa wa kuwa aliupata wodini.

Tofauti hiyo si ya mahali tu. Mtu mzima mwenye afya hubeba kinywani bakteria wa kawaida. Akiugua sana na kulazwa, bakteria hao hubadilika katika muda wa siku chache tu: wale wa tumboni, na wale wanaoishi kwenye masinki, mirija na mikono ya wahudumu, huanza kutawala kinywa na koo. Mgonjwa anapolala chali, anapokuwa na usingizi mzito wa dawa, au anapoogopa kukohoa kwa sababu ya maumivu ya kidonda, matone madogo ya mate huteremka mapafuni bila kutolewa. Ndiyo maana nimonia ya jamii mara nyingi husababishwa na nimokokasi, wakati ile ya hospitali huhusishwa zaidi na klebsiela, sudomonasi, asinetobakta na stafilokokasi, ambao wengi wao wamekwisha kuzoea dawa zinazotumika sana wodini.

Hapo ndipo jina linapogeuka kuwa tiba. Amoksilini, ambayo humtibu vema mgonjwa wa nimonia nyepesi ya jamii, inaweza kuwa kama maji tu kwa klebsiela wa wodini. Seftriaksoni, sindano inayoandikwa kwa wepesi katika hospitali nyingi, haifui dafu mbele ya bakteria wanaotengeneza kimeng'enya cha kuivunja, wala haikukusudiwa kumwua sudomonasi. Mgonjwa aliyeandikiwa "nimonia" bila kuelezwa ilianza lini atapewa sindano hiyo hiyo siku ya kwanza, ya tatu na ya tano, huku wote wakisubiri nafuu isiyokuja.

Kapu la nne na kilichotokea

Mwaka 2005 vyama viwili vya Marekani, cha wataalamu wa kifua na cha wataalamu wa magonjwa ya maambukizi, viliongeza kapu jingine: nimonia inayohusishwa na huduma za afya. Hili lilikuwa la watu ambao hawakuwa wamelazwa wakati ugonjwa ulipoanza, lakini walikuwa wamepita katika mikono ya huduma. Waliingizwa humo waliolazwa kwa siku 2 au zaidi katika siku 90 zilizotangulia, waliokuwa wakiishi katika nyumba za kuwatunzia wazee, waliosafishwa figo kwa mashine, na waliopata dawa za mishipani, tiba ya saratani au huduma ya vidonda ndani ya siku 30. Wazo lilikuwa jema. Ilidhaniwa kwamba watu hao hubeba vimelea sugu kama wagonjwa wa wodini, na kwa hiyo watibiwe kwa dawa nzito kama wao.

Uzoefu wa miaka iliyofuata haukuliunga mkono wazo hilo. Kapu lilishindwa kutabiri kwa uhakika nani hasa ana kimelea sugu. Wagonjwa wengi walipewa mchanganyiko wa dawa kali wasizozihitaji, na hawakupona kwa wingi zaidi kuliko wengine. Ilionekana kwamba vifo vyao vingi vilitokana na uzee na maradhi waliyokuwa nayo tayari kuliko na aina ya kimelea. Mwongozo wa mwaka 2016 ukaliondoa kapu hilo kwenye orodha ya nimonia za hospitali, na mwongozo wa nimonia ya jamii wa mwaka 2019 ukashauri waziwazi kwamba liachwe kabisa.

Kwa nini habari hii ya Marekani imhusu tabibu wa Chunya? Kwa sababu mafungu ya namna hiyo husafiri. Huja katika vitabu vya kufundishia na katika mihadhara, na mara nyingi yale yaliyofutwa huendelea kusomwa miaka mingi baada ya kufutwa kwake. Kapu la mwaka 2005 likichukuliwa lilivyo na kupelekwa Chunya, litazoa watu wengi mno. Mkoa wa Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikadiria kiwango cha asilimia 9.6 kwa watu wazima wa mkoa huo, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.4. Watu wengi huhudhuria kliniki ya tiba na matunzo mara kwa mara, wengine wako kwenye dawa za kifua kikuu, wengine wametoka kulazwa kwa malaria au kujifungua. Kumwita kila mmoja wao mbebaji wa vimelea sugu kwa sababu tu amekanyaga kituo cha afya ni kumwandikia dawa ambayo pengine haipo kwenye rafu ya wilaya, na ambayo ikipatikana itakuwa imetolewa kwenye akiba ya mwingine anayeihitaji kwelikweli.

Wapo wanaotetea kapu hilo, nao hawasemi upuuzi. Mgonjwa aliyeruhusiwa juzi kutoka hospitali kubwa baada ya kudungwa sindano za mishipani kwa wiki mbili hafanani na mtu aliyetoka shambani kwake. Miongozo yenyewe inakubali hilo, ila inataka liulizwe kwa mgonjwa mmoja mmoja. Je, amelazwa na kupata antibiotiki za mishipani katika siku 90 zilizopita? Je, amewahi kupimwa na kukutwa na kimelea sugu? Je, hali yake ni mbaya kiasi kwamba kukosea dawa ya kwanza kunaweza kumwua? Maswali hayo matatu yanatosha pale ambapo kapu zima lilishindwa, nayo huulizwa kwa dakika chache tu.

Saa inayoanza upya

Chunya ina sababu zake za kuhitaji uainishaji makini. Dhahabu ya Lupa ilianza kuvuta watu miaka ya 1920, na hadi leo maduara, makarasha na mialo ndiyo riziki ya maelfu ya familia. Jiwe linaposagwa hutoa vumbi laini la silika. Vumbi hilo hukaa mapafuni, hulifanya pafu kuwa na makovu, na huongeza hatari ya kifua kikuu. Mchimbaji wa muda mrefu anaweza kuingia wodini kwa ajali ya mguu akiwa tayari na pafu lililochoka, na picha ya kifua chake ikawa na madoa hata kabla ya homa.

Hapa saa 48 zinahitaji kutumiwa kwa akili. Zilitungwa kwa ajili ya bakteria wa ghafla. Kifua kikuu hakizifuati. Mgonjwa anayegundulika na kifua kikuu siku ya tano ya kulazwa hakukipata siku ya pili, alikuja nacho. Kinyume chake, jirani yake wa kitanda cha pili, au muuguzi aliyemhudumia bila barakoa inayofaa, anaweza kuambukizwa wodini humo na asionyeshe dalili kwa miezi, hata miaka. Kwa kipimo cha saa, wa kwanza atahesabiwa kimakosa kuwa mgonjwa wa maambukizi ya hospitali, na wa pili hatahesabiwa kamwe. Kwa hiyo katika wilaya ya machimbo, kila nimonia ya wodini isiyopata nafuu ndani ya siku chache za tiba inapaswa kupimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu kabla ya kubadilishiwa sindano kwa mara ya tatu.

Jambo la pili ni rufaa. Mgonjwa anaweza kulala siku mbili katika kituo cha afya, akahamishiwa hospitali ya wilaya, kisha akapandishwa kwenye gari la wagonjwa na kuvuka milima kwa takriban kilomita 70 hadi Mbeya mjini, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kila anapofika, faili jipya hufunguliwa na saa huanza kuhesabiwa upya. Nimonia ikijitokeza siku yake ya kwanza Mbeya, huko itaandikwa kuwa ya jamii, kwa kuwa saa 48 hazijatimia. Kule alikotoka haitaandikwa kabisa, kwa kuwa hayupo tena. Ugonjwa alioupata kitandani unakuwa wa jamii ambayo hakuwa nayo kwa siku nne.

Ulaya imekwisha kulitambua pengo hili. Katika ukaguzi wa maambukizi ya hospitalini unaofanywa huko, mgonjwa anayeonyesha dalili siku mbili za kwanza huhesabiwa kuwa na maambukizi ya hospitali iwapo aliruhusiwa kutoka hospitali nyingine chini ya saa 48 kabla. Kanuni hiyo inafaa kuchukuliwa hata kama hakuna kingine kitakachochukuliwa. Barua ya rufaa ingeandikwa tarehe na saa mgonjwa alipolala kitandani kwa mara ya kwanza, popote pale, pamoja na dawa za mishipani alizokwisha kupata. Mstari mmoja katika barua ungeokoa siku tatu za kubahatisha.

Kuhesabu bila kulaumiana

Kuna sababu nyingine inayofanya neno "hospitali" lisiandikwe mbele ya neno "nimonia", nayo haimo vitabuni. Ni hofu. Mhudumu anaogopa kwamba akiandika hivyo atakuwa amekiri kosa. Msimamizi anaogopa takwimu zitakazopanda mezani kwa wakubwa. Ndugu wa mgonjwa wakisikia wataleta malalamiko. Ni salama zaidi kuandika neno lisilomgusa mtu.

Hofu hiyo inaeleweka, lakini inatokana na kuchanganya mambo mawili. Kuna ufafanuzi wa kumtibu mtu na kuna ufafanuzi wa kuhesabu. Daktari aliye kando ya kitanda anahitaji kuanza dawa hata akiwa na shaka, kwa hiyo ufafanuzi wake unapaswa kuwa mpana. Anayefuatilia mwenendo wa maambukizi anahitaji kipimo kisichobadilika kutoka mwezi hadi mwezi, kwa hiyo wake unapaswa kuwa mkali. Marekani ililitambua hilo mwaka 2013, kituo chake cha kudhibiti magonjwa kilipobadili namna ya kuhesabu madhara yanayowapata wagonjwa watu wazima walio kwenye mashine za kupumulia na kuweka vigezo vinavyoweza kusomwa moja kwa moja kwenye chati, kwa kuwa kutambua nimonia kwa macho ya kila daktari kulitoa majibu tofauti. Hesabu ya namna hiyo haikusudiwi kumtafuta mkosaji. Hospitali isiyo na hata mgonjwa mmoja wa nimonia ya hospitali kwenye taarifa zake za mwaka haijathibitisha usalama wake; imeonyesha tu kwamba hakuna aliyehesabu.

Historia ya udaktari ina ushahidi wa zamani wa jambo hili. Ignaz Semmelweis, aliyekuwa daktari katika hospitali ya uzazi huko Vienna, aliona kwamba wanawake wa kliniki iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wa udaktari walikufa kwa homa ya uzazi zaidi ya wale wa kliniki ya wakunga. Aliweza kuona hivyo kwa sababu vifo viliandikwa kwa kila kliniki peke yake. Mwaka 1847 aliwaagiza madaktari wanawe mikono kwa maji yenye klorini, na vifo vikashuka. Wenzake wengi walimpinga, kwa kuwa hesabu zake ziliwaelekeza vidole. Lau vifo vyote vingeandikwa katika daftari moja bila kutaja kliniki, pasingekuwa na cha kupinga wala cha kurekebisha.

Gharama ya kutohesabu inajulikana. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria sugu, na vifo milioni 4.95 vilihusishwa na usugu huo. Maambukizi ya kifua ndiyo yaliyobeba mzigo mkubwa kuliko yote, kwa vifo zaidi ya milioni 1.5 vilivyohusishwa na usugu. Nchini Tanzania, utafiti kuhusu watoto wenye maambukizi ya damu waliolazwa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba usugu wa bakteria kwa dawa ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotabiri kifo. Huo ulihusu damu na si mapafu, lakini bakteria wanaotajwa ni ndugu wa wale wale. Shirika la Afya Duniani, kuanzia mwaka 2017, limezipanga antibiotiki katika makundi matatu: za kutumika kwanza, za kutumika kwa uangalifu, na za akiba. Amoksilini imo katika kundi la kwanza, seftriaksoni katika la pili. Mpango huo hauwezi kufuatwa na mtu asiyejua nimonia iliyo mbele yake ilitoka nyumbani au wodini.

Kinachowezekana wilayani

Itasemwa kwamba haya ni mambo ya hospitali kubwa. Ufafanuzi kamili unataka picha ya eksirei yenye kivuli kipya, pamoja na homa, makohozi ya usaha au chembe nyeupe za damu zilizopanda, na ikiwezekana kipimo cha kuotesha vimelea. Katika hospitali ya wilaya mashine inaweza kuharibika, mtaalamu akawa mmoja, na maabara ya kuotesha vimelea ikawa mbali. Hoja hii ni ya kweli, na jibu lake ni kuwa na ngazi mbili. Nimonia ya hospitali inayoshukiwa iandikwe kwa dalili za kitandani peke yake. Iliyothibitishwa iandikwe pale picha au maabara inapopatikana. Kusubiri ukamilifu kabla ya kuandika chochote ni kuamua kutoandika.

Kuna sharti moja tu lisiloepukika. Saa 48 hazina maana iwapo hakuna aliyekichunguza kifua siku ya kwanza. Mgonjwa wa mguu, wa uzazi au wa kiharusi hupokelewa kwa kutazamwa pale panapouma, na kifua husahaulika. Muuguzi anayehesabu pumzi kwa dakika nzima, akapima joto na kiwango cha oksijeni, kisha akaandika tarehe na saa, ameweka alama ya mpaka ambayo wengine wote watarejea kwayo. Kazi hiyo inahitaji saa ya mkononi, kipimajoto na kifaa kidogo cha kidoleni. Bila hivyo, siku ya nne hakuna awezaye kumjibu mama wa mchimbaji kwa haki.

Jina sahihi pia linafungua mlango wa kinga, kwa maana wodi inayojua kwamba nimonia huzaliwa ndani yake itauliza inazaliwaje. Katika hospitali ya wilaya wagonjwa wengi hawako kwenye mashine, na hatua za kuwakinga ni za mikono tu. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kiasi cha nyuzi 30 hadi 45 pale ambapo jeraha linaruhusu. Kinywa cha mgonjwa asiyejiweza kisafishwe kila siku, asubuhi na jioni. Aliyepasuliwa akalishwe, kisha asimamishwe mapema, na afundishwe kukohoa huku akikandamiza mto kwenye kidonda. Mhudumu anawe au apake dawa ya mikono katika nyakati tano zilizoelekezwa na Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Madirisha yafunguliwe.

Katika mambo hayo ndugu wa mgonjwa ana nafasi kubwa kuliko miongozo ya ughaibuni inavyofikiri. Katika wodi za Tanzania ni yeye anayemlisha, kumgeuza na kumwosha. Bibi anayemnywesha uji mzee mwenye kiharusi akiwa amelala chali anafanya hivyo kwa upendo, na uji ule ule unaweza kushuka mapafuni. Hakuna aliyemwambia. Dakika tano za maelezo siku ya kulazwa, kwamba mgonjwa aketishwe kabla ya kula, abaki ameketi kwa muda baadaye, na asilishwe kabla ya kupimwa uwezo wake wa kumeza, zinaweza kuzuia nimonia ambayo hakuna sindano ya wilaya itakayoitibu kwa uhakika.

Mgonjwa naye ana wajibu, na ana haki. Wajibu wake ni kutunza karatasi ya kuruhusiwa na kuionyesha kila anapokwenda kutibiwa katika miezi mitatu inayofuata, kusema waziwazi alidungwa sindano gani, na kutonunua dukani nusu ya dozi kwa sababu kikohozi kimerudi. Haki yake ni kuambiwa ukweli. Akiuliza ugonjwa umetoka wapi, asijibiwe kwa jina la dawa.

Turudi basi kwenye kile kitanda. Faili la mchimbaji lingeweza kusomeka hivi: alipokelewa Jumatatu saa nne asubuhi, pumzi 18 kwa dakika, hana homa, hakohoi; Alhamisi jioni homa, pumzi 30, makohozi ya usaha; nimonia ya hospitali inayoshukiwa, siku ya nne; hajawahi kulazwa wala kudungwa dawa za mishipani katika siku 90 zilizopita; makohozi yamepelekwa kupimwa kifua kikuu kwa kuwa ni mchimbaji; daktari wa zamu ameitwa. Ni mistari mitano. Daktari angechagua dawa akijua anapambana na nani, na kama angehitaji kumpeleka Mbeya, wenzake wa huko wangejua pa kuanzia. Na muuguzi angeweza kuketi na yule mama na kumwambia: "Mama, kifua hiki amekipata akiwa hapa kwetu, kwa sababu ya kulala chali siku nyingi. Tumekwisha kuanza dawa. Sasa njoo nikuonyeshe namna ya kumwinua anapokula."